Mtani Niliyemwonea Wivu

Amefariki. Habari ilinifikia nikiwa nimeinamia sufuria ya maharage, saa ambazo madereva wa malori hushuka kula, kupitia grupu la simu la sisi tuliosoma darasa moja Kilosa. Wa kwanza aliandika innalillahi, wa pili akauliza nani tena, wa tatu akamtaja, nami nikaepua sufuria maharage hayajaiva. Yule mwenzetu aliyeolewa Uholanzi, aliyetujazia simu kwa sauti yake miaka yote hii, moyo wake ulisimama akiwa nyumbani kwake, na mumewe na watoto wake wamemzika hukohuko. Wasomaji wa kona hii mmezoea kuniona nikiwaaga watu kwa sifa. Leo mtanivumilia. Huyu nilimwonea wivu tangu tukiwa wasichana mpaka alipoingia kaburini, na nikiuficha wivu huo nitakuwa ninamwandika mtu mwingine.

Ujumbe wake wa sauti ulianza namna moja tu: "Jamani, leo nimegundua!" Alikuwa hajaenda mwezini, alikuwa ametoka dukani. Aligundua kwamba Waholanzi hawafungi mapazia, jioni unapita mtaani unawaona wanakula, nao wanakuona, na hakuna anayejali. "Hivi sisi na mapazia yetu tunaficha nini?" Aligundua samaki mbichi aliyetiwa chumvi, unamshika mkia, unainua kichwa juu, unamtelemsha kooni pamoja na vitunguu. Aligundua kwamba mtu mzima mwenye mvi na gari la kazi anakula mkate uliomwagiwa chembechembe za chokoleti asubuhi kama mtoto wa siku ya Idi. Aligundua kuwa mtu akitimiza mwaka, hongera haiishii kwake, hupewa mama yake, mumewe, hadi shemeji aliyekaa pembeni anakula keki. Grupu zima lilikuwa likicheka. Mmoja wetu aliwahi kumjibu, "Shoga, maelezo yametosha, tutumie hiyo chokoleti." Mimi sikuwa najibu. Nilikuwa nasikiliza kila ujumbe mara mbili, nimenuna, kisha narudi kwenye vitunguu vyangu.

Tulikaa dawati moja mpaka kidato cha pili. Hapo mama yangu alimfuata baba kaburini, na mimi, kifungua mimba, nikabaki na wadogo watatu na jiko. Yeye aliendelea kukaa kwenye lile dawati. Mama yake alichoma vitumbua Mabwerebwere, palepale Kilosa, akamsomesha, akafika Dar es Salaam, akampata mume, akapanda ndege. Mimi nilifika Mikumi, nikafungua hoteli ya chakula kando ya barabara kuu, na nipo hapo hadi leo. Silalamiki. Wadogo zangu walikula na walisoma. Ila msiniambie kwamba mtu anaweza kusikia habari za samaki mbichi akiwa anamenya kiazi cha mia moja tangu alfajiri, asihisi kitu.

Kuna jambo jingine lililotufunga. Ukoo wake na wetu ni watani tangu kwa mababu. Msomaji wa mjini aliyesahau nimkumbushe: mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu nawe usikasirike, na msibani ndiye mwenye kazi ya kuwachekesha wafiwa na kumwigiza marehemu, alivyosema, alivyokula, alivyojidai. Kwa hiyo alipokuja likizo na mumewe, wakitoka kutazama tembo hifadhini, alishuka mlangoni pangu akisema kwa sauti ya kusikika mpaka gereji ya jirani, "Mtani! Bado hujafa tu?"

"Nife nimwachie nani hawa wadudu wa Kilosa? Karibu ndani, samaki wetu tunawapika lakini."

Alikula ugali na kambale, akalamba vidole, akaanza kuchunguza. Kwake kuchunguza ilikuwa kama kupumua. "Mtani, mbona umewageuza watu wote watazame masufuria? Milima ile pale, hailipiwi."

"Madereva wametazama milima tangu Tunduma," nikamwambia. "Wakifika hapa wanataka kutazama nyama."

Alicheka, kisha akamwamuru mumewe, mzee wa watu mrefu na mpole, ainue upande wa pili wa meza, wakazigeuza zote zikatazama nje. Nilizirudisha kabla vumbi la gari lao halijatua. Kabla ya kuondoka alinipa zawadi, mwiko mwembamba kama kalamu wenye ulimi wa mpira. Waholanzi huutia ndani ya chupa wakakomba mpaka tone la mwisho. Alinionyesha kwa chupa yangu ya tomato. "Ona! Hawaachi kitu!"

"Sisi tunatia maji, tunatikisa," nikasema.

Aliketi chini kwa kicheko. Jioni ile, nikiwa nafuta meza, simu ikalia: "Jamani, leo nimegundua! Mikumi hawahitaji mwiko wa chupa, wanatia maji wanatikisa!" Watu wakampigia makofi, wakasema una macho wewe. Ndugu msomaji, nimetikisa chupa zile tangu najijua. Mama yangu alizitikisa kabla yangu. Ilikuwaje jambo likae mkononi mwangu maisha yote likiwa si kitu, kisha lipite kinywani mwake dakika moja liwe habari?

Nimelifikiria hilo sana, na naona si letu sisi wawili tu. Aliyeondoka huulizwa umeona nini, aliyebaki huulizwa kuna chakula gani. Siku hizi treni ya umeme inasimama Kilosa, na vijana wa Msowero wanakwenda Dar es Salaam na kurudi wakiwa na picha za sahani za chakula kabla hawajakila. Wazee wanazipokea simu, wanazisogeza mbali na macho, wanasema mashallah. Sijamwona kijana akimwuliza mzee, na wewe leo umeona nini hapa nyumbani? Nilidhani ndiyo desturi ya dunia, kwamba macho hupewa wanaosafiri, na sisi wengine tumepewa mikono. Nilibaki na dhana hiyo mpaka siku ya kuanua tanga lake.

Nilipanda gari la asubuhi kwenda Kilosa. Nilipofika Mabwerebwere turubai lilikuwa limejaa, lakini msiba ulikuwa umepooza. Hapakuwa na jeneza wala kaburi la kwenda kulitazama. Kulikuwa na picha za mazishi ndani ya simu, zikipita mkono kwa mkono: miti iliyopandwa kwa mstari, watu waliovaa vizuri wamesimama kimya, kisha ukumbi, na kila mtu ana kikombe cha kahawa na kipande cha keki.

"Kipande kimoja?" aliuliza mwanamke mmoja aliyekuwa anapembua mchele.

"Kimoja. Wanakula, wanakwenda zao."

"Msiba gani huo usio na sufuria? Masikini, kumbe amezikwa na njaa."

Mjomba wa marehemu alinivuta pembeni. Alikuwa na macho mekundu. "Mtani, afadhali umekuja. Dada yangu hajalia tangu habari ifike. Hali, hanywi, simu iko mapajani. Akiambiwa tunaanua tanga leo anauliza tanga la nani, yeye hajaona maiti, mwanawe simu yake imeisha chaji tu. Mwalimu amesoma historia ya marehemu, alizaliwa, alisoma, aliolewa, dada hakugeuza hata shingo. Tukiondoka leo tukamwacha hivi, tutarudi hapa kumzika yeye. Ingia ufanye kazi yako."

Waombolezaji wengine wote walikuwa wanampenda. Niliwauliza wawili watatu waliokuwa marafiki zake, nikitafuta cha kuigiza: alikuwa anasemaje, anapenda nini? Wakanijibu alikuwa mtu wa watu, alikuwa mcheshi, alikuwa na roho nzuri. Hakuna aliyekumbuka hata samaki. Mimi niliyenuna ndiye niliyekuwa nazo sauti zake zote kichwani, na pumzi zake katikati ya maneno. Nikaomba koti lake la mvua la buluu aliloliacha likizo ile, nikalivaa katika joto la Kilosa, nikaingia chumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu bila kunitazama. Alikuwa amekonda, kanga imemzidi.

Nikapanua mikono. "Jamani, leo nimegundua!"

Chumba kizima kikashtuka, kwa maana sauti ilikuwa yake. Yule mama akainua uso.

"Nimegundua kaburi! Ni chumba kimoja, hakina dirisha, lakini jamani, hakina ngazi! Waholanzi nyumba zao ngazi zimesimama wima kama za kupandia mnazi, nimezipanda mpaka moyo umesema basi!" Wanawake wakaanza kucheka huku wameziba midomo kwa kanga. "Kochi halipiti mlangoni, linafungwa kamba, linavutwa kwa kulabu ya juu ya paa, linaingilia dirishani. Mimi mwenyewe nilitaka wanivute kwa kamba, wakasema, bibie, wewe umezidi uzito wa kochi!" Vicheko vikafika nje. Nikaona nimewashika. Nikainua kidevu, nikaanza kutembea kutoka ukuta hadi ukuta, haraka haraka, mabega nyuma, visigino vinagonga sakafu, mwanamke wa Ulaya anayewahi mambo yake.

"Simama," akasema mama yake.

Nikasimama. Vicheko vikafa.

"Mwanangu hatembei hivyo. Nipe hilo koti."

Nikalivua. Akajishika kwenye ukuta, akainuka, akalivaa, likamfika magotini. Akaweka mikono nyuma, akaanza kutembea polepole. Hatua mbili, akasimama akatazama dari. Hatua nyingine, akasimama akainama kutazama mkeka ulivyosukwa. "Hivi," alisema. "Nilikuwa namtuma maji ya chai kisimani anarudi jua limepanda. Anasimama kila mahali. Amesimama kwa fundi baiskeli, amesimama anatazama siafu. Nilimchapa, nikachoka. Nikasema huyu mtoto ana ugonjwa wa kutazama, mwache atazame, maji nitachota mwenyewe." Akapiga hatua nyingine. "Akifika mlangoni anasema, mama, leo nimeona…" Akawa amefika mlangoni kweli. Akashika mwimo, akatazama nje, na mlio uliomtoka sijausikia tangu ule niliolia mwenyewe nilipokuwa kidato cha pili. Walimpokea kabla hajaanguka. Alilia mpaka alasiri, tanga likaanuliwa, na jioni akanywa uji kikombe kizima, akaomba cha pili.

Watu walinishukuru, wakasema mtani umefanya kazi. Nilitoka nje nikakaa kwenye tofali, na wivu ulionishika pale haujapata kunishika kwa habari ya samaki wala ndege. Nilizijua sauti zake zote, lakini miguu yake niliikosea, kwa sababu nilimpa mwendo niliodhani anao mtu aliyefanikiwa. Kumbe alianza kugundua hapahapa Mabwerebwere, njia ya kisimani, kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyekubali kwenda kuchota maji mwenyewe ili yeye asimame. Hicho ndicho ninachomwonea wivu. Mama yangu alikufa kabla hajapata nafasi ya kujifunza mwendo wangu, na nilijiuliza siku yangu ikifika mtani atamwuliza nani.

Niliporudi Mikumi nilimwuliza mdogo wangu wa mwisho, ambaye sasa ananisaidia hotelini, "Hivi mimi natembeaje?"

Hakufikiri hata kidogo. "Wewe Dada? Wewe hutembei. Wewe unawahi tu." Akashika sinia, akabana kanga kiunoni, akakatiza kati ya meza ameinamia mbele kama anayefukuzwa na mvua, akiwaambia wateja, "Nakuja, nakuja, nakuja!" Dereva mmoja akamwaga chai kwa kicheko. Nilikuwa mimi mtupu, na nilibaki nimesimama kumtazama.

Sitamwambia mtu kwamba atembee polepole ili aone mengi. Wako wasioweza, na mimi ningetembea polepole wadogo zangu wangelala njaa. Ninalosema ni hili. Kila anayesimama kutazama dunia, yupo aliyemchotea maji. Ukiwa wewe ndiye uliyesimama, mjue mtu huyo na umshukuru angali hai. Na ukiwa ndiye uliyekuwa unawahi, basi yule uliyemlea akichelewa kurudi sokoni kwa sababu alisimama mahali, mngoje mlangoni, na akifika mwulize ameona nini.