Trei Kumi na Mbili za Saladi

Dada yangu aliingia kwenye kitalu cha miche akiwa msichana wa kufagia, na mwaka wa tatu akakabidhiwa mbegu. Kwa miaka ishirini na mbili hakuna mwingine aliyezipanda. Wenzake walimwita Mama Saladi, ingawa hakujaliwa mtoto.

Kabichi aliifunika kwa udongo uliochekechwa. Saladi hakuifunika kamwe. Aliitawanya juu ya udongo uliolowa, akaikandamiza kwa kiganja, basi.

"Hii inataka mwanga," aliniambia siku aliponitafutia kazi ya kumwagilia. "Na mwanga hauendi mbali kwenye udongo. Unaingia kidogo tu, kama unene wa ukucha, halafu giza. Ukiizika itavimba kwa maji, lakini haitaamka."

"Basi ni ndugu yangu hiyo," nikamjibu. "Mimi hadi leo silali taa ikiwa imezimwa."

Akanirushia bonge la udongo. Shabaha alikuwa nayo enzi hizo.

Mwaka jana macho yake yakaanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Dada akaniapisha nisimwambie mtu. Nikanyamaza, na wanaonijua wanajua kunyamaza kunavyonitesa. Angeajiriwa na nani, mpanda mbegu asiyeziona mbegu? Alikuwa anaishi peke yake na hakujua kazi nyingine.

Kisha trei kumi na mbili za saladi zikakaa siku tisa bila kutoa hata mche mmoja.

"Mbegu zimekufa, bosi," dada akasema kwa ukali. "Tumeletewa makapi."

Bosi akamjia juu muuza mbegu. Mzee yule akaja mwenyewe, mpole hadi anaudhi. Akachokonoa udongo kwa njiti ya kiberiti, akatikisa kichwa. Hakubishana na mtu. Alichukua trei moja, akaukwangua udongo wa juu taratibu mpaka mbegu zikabaki wazi, akaiweka dirishani.

"Tuipe siku tatu," alisema. "Zikioza, kosa ni langu. Zikiota, mbegu zangu zilikuwa nzima."

Bosi akamgeukia dada, akamtazama kwa muda mrefu.

Jioni ile nilimsindikiza dada nyumbani kwake. Alikaa kitandani bila kuvua viatu.

"Nilizifunika, si ndiyo?" akauliza. "Vijiti vyekundu ninavyochomeka kwenye trei ni saladi, vyeupe ni kabichi. Nimeviweka mwenyewe miaka yote hiyo. Siku hizi naviona vyote sawa."

Nilikuwa na hasira, sijui na nani. "Dada, mimi ndiye ninayemwagilia. Birika moja la maji ya moto kwenye ile trei na yameisha. Hakuna atakayejua."

"Thubutu. Sitakuita mdogo wangu tena."

"Watakufukuza!"

"Mwagilia kama kawaida," akasema.

Nikamwagilia kama kawaida, huku nikiziombea zioze. Sijawahi kuomba jambo la aibu kama hilo, na niliomba kwa moyo wangu wote.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimtangulia kufika. Trei ilikuwa ya kijani kutoka ukingo hadi ukingo. Zilikuwa zimeota karibu zote, na nilizichukia. Nikamsikia dada akija, akipapasa ukingo wa meza.

"Vipi?"

"Hakuna kitu, dada. Zimeoza."

Alinyoosha mkono, akashusha kiganja polepole mpaka kikazigusa. Akakipitisha juu yake, kwenda na kurudi, kwa wepesi wa mtu anayepapasa kichwa cha mtoto aliyelala. Uso wake ukalainika. Nilimwona akifurahi, furaha ya kweli kabisa, na hapo ndipo machozi yaliponitoka.

"Mwongo wewe," alisema kwa upole. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. "Kamwite bosi. Mwambie zimeota."