Mtoto wa Wenyewe

Treni ya jeshi iliyokuwa ikipanda kutoka Mombasa ilianguka karibu na Makindu, na kaka yangu alikuwa ndani. Hilo tulilijua, kwa sababu wiki hiyo alikuwa ametuma salamu na kijana wa jirani kwamba atapita na treni hiyo, na kwamba mama asijisumbue kuja stesheni maana haitasimama. Habari zilipotufikia sokoni Kathonzweni, mama alijifunga leso ya pili, akachukua kibuyu cha uji, tukadandia lori la makaa.

Makindu ilikuwa imejaa wake na mama za wanajeshi. Relini hatukuruhusiwa kusogea. Masingasinga walikuwa wamefungua hekalu lao, wakatugawia chai na chapati, na mama, ambaye kanisani alikuwa akituonya tusile vya miungu mingine, alikula zake mbili akashukuru. Mimi sikuweza kula wala kukaa. Nilikwenda hadi getini, nikarudi, nikaenda tena, mpaka askari mmoja akanitania, "Wewe dada, utachimba barabara hapa." Nusura nimzabe kofi.

Mchana wakaturuhusu kuingia hospitalini kutafuta watu wetu. Tuliambiwa majeruhi wengine walikuwa wamekimbizwa Nairobi. Tulipita kitanda kwa kitanda bila kumwona kaka. Karibu na dirisha alilala mmoja ambaye kichwa chote kilikuwa kimefungwa bandeji, mdomo tu ndio ulioonekana. Mama alipopita, yule mtu aliinua mkono akashika leso yake.

"Mwaitu," alisema. Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama.

Kaka yangu alikuwa mrefu, mlangoni alikuwa akipita ameinama. Huyu miguu yake haikufika hata mwisho wa godoro.

"Mama, si yeye," nikamnong'oneza.

"Nimeona. Nina macho."

"Basi twende Nairobi."

"Twende aje na amenishika?"

Akaketi. Akamimina uji kikombeni, akaanza kumnywesha kwa kijiko, polepole, kana kwamba hatuna safari nyingine duniani. Nje nilisikia malori yakiondoka, moja baada ya jingine. Nikamhimiza, akanijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Hakucheka. Alisema huyu naye ni mtoto wa wenyewe, na kama mama yake angekuwa karibu, angekuwa ameshafika.

"Na mtoto wako je?"

"Mungu atampa mtu," alisema, akachota kijiko kingine.

Nikatoka barabarani. Dereva mmoja akanipungia mkono. "Mimi naenda Nairobi saa hii. Iko nafasi ya mtu moja tu." Nilipanda bila kurudi kuaga. Tulipofika mji wa Salama alitaka kusimama anywe chai, nikamwambia kama ni chai nitampikia mimi mwenyewe akishanifikisha. Alinitazama usoni, akaendelea na safari.

Kaka yangu nilimkuta mochari. Alikuwa amekata roho jioni hiyohiyo, muda mfupi kabla sijafika. Nesi wa wodi aliniambia kwamba kutwa nzima alikuwa akiuliza kama kuna mtu amekuja kutoka kwao.

Kesho yake nilirudi Makindu. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mama, na nilitaka yamuume. Nilimchukia, sitaficha. Nilimkuta palepale karibu na dirisha, kikombe mkononi, yule kijana bado ameshika ncha ya leso. Aliponiona tu alielewa.

"Amekufa?"

"Jana jioni."

"Nani alikuwa naye?"

Maneno yote niliyoyapanga niliyaacha. "Hakuna mtu, Mama," nikasema.

Uji ulimwagikia shuka. Kijana akageuza kile kichwa chake cha bandeji huku na huku, akitafuta sauti zetu.

"Mwaitu, kuna nini?"

Mama alipangusa shuka kwa kiganja. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni, lakini sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku.

"Hakuna kitu," alimwambia. "Ni dada yako amekuja. Kunywa."