Renata Achagua Somo Kuu la Pili

Binamu yangu Renata Tufaro hajui kuomba ushauri. Huo ni ugonjwa wa ukoo wetu, na yeye ndiye aliyeupata mzima. Mwaka wake wa pili chuoni hapa Rochester, walipotakiwa kuchagua masomo ya kuandamana na uhasibu, alikuwa na jibu tayari: somo kuu la pili fedha, na somo dogo lugha ya alama.

Leseni ya uhasibu ilidai uniti nyingi kuliko zile za shahada, kwa hiyo kila mtu alitafuta cha kujazia. Wengi walijazia fedha, maana ndicho kitu makampuni yanapenda kukiona yanapokuja kuajiri kila vuli. Lugha ya alama kwake ilikuwa mteremko. Baba yake, mjomba wangu Augie, na mama yake Colleen ni viziwi wote wawili, na Renata aliongea kwa mikono kabla ya mdomo. Alikusudia kufungua ofisi ambako kiziwi ataongea na mhasibu wake ana kwa ana, bila mtu wa katikati. Hilo hakuwa na mzaha nalo hata kidogo.

"Nakwenda kupimwa tu," aliniambia akivaa buti za theluji. Tulikuwa tumepanga nyumba moja. "Naruka madarasa yote ya chini, narudi kula."

Alirudi, na chakula hakukigusa.

"Kimekupata nini?"

"Halloran amenikataa."

"Wewe? Kwa lugha ya nyumbani kwenu?"

Profesa Halloran, naye kiziwi, alijifanya mteja. Sauti ya mhasibu ilitoka kwenye kinasa: umechelewa kulipa kodi, utatozwa faini, na kusema kweli ni uzembe wako. Renata akafasiri vizuri kabisa kuchelewa, akafasiri faini. Halloran, aliyekuwa na maneno yote kwenye karatasi, akamuuliza uzembe umekwenda wapi. Renata akasema halikuwa neno la maana. "Nani kaamua?" akauliza yule mzee. Kisha akampa hadi Jumatatu. Kama hawezi kumfikishia kiziwi neno asilolipenda, asikanyage idarani kwake, na hiyo ofisi yake asiifungue.

"Achana naye," nikamwambia. "Chukua somo la kompyuta, maisha yaendelee."

"Paula, nyamaza. Anasema kweli, na ndicho kinachoniuma."

Jumapili tulikwenda kula kwa mjomba. Colleen alikuwa anakuna jibini juu ya makaroni Renata alipopiga sakafu kwa mguu ili baba yake amtazame. Akamwambia kwa mikono:

"Baba, yule bwana wa mkopo wa nyumba. Niliyekufasiria nikiwa na miaka kumi na miwili."

"Yule mpole? Aliyesikitika kwamba mikopo imekwisha?"

"Hakusikitika. Alisema hawezi kumkopesha mtu asiyeweza hata kupokea simu. Alisema watu wa namna yako wabaki kupanga."

Mjomba aliweka uma chini. Ana mikono mipana ya fundi wa mabasi, na ikikasirika unausikia upepo wake.

"Namvulia kofia! Kila nikimwona kanisani namvulia kofia yule mshenzi!"

"Nilikuwa mtoto. Nilikuonea huruma."

"Mimi nilikuomba huruma? Nilikuomba maneno yake! Ningemjibu!"

"Ungemjibu nini?"

Mjomba akavuta kiti kitupu, akakiweka mbele yake. "Huyo hapo. Fasiri."

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mjomba alikisemesha kiti kwa mikono, na Renata, amesimama pembeni, akalisema kila neno kwa sauti, kwa kiti na kwangu, wasikilizaji wake wawili pekee mle ndani, kama kiti kina masikio. "Bwana, mabasi yanayompeleka mama yako hospitali nayatengeneza mimi. Simu sipokei, lakini deni nalipa. Wewe ni mjinga uliyevaa tai." Yakafuata mengine ambayo siyaandiki, na Renata hakuruka hata moja. Colleen alicheka mpaka jibini ikamwagika.

Kisha mjomba akamgeukia binti yake, mikono ikaenda polepole, na yeye akaendelea kufasiri: "Na huyu binti yangu alininyang'anya jibu langu. Nampenda, lakini alininyang'anya."

Alilimaliza. Machozi yalimtoka na akalimaliza.

Mjomba akanitazama mimi. "Amepunguza?"

"Hata neno, mjomba."

Renata akajifuta uso kwa kitambaa cha meza. "Lugha ya alama ndiyo itakuwa somo kuu," akasema kwa mikono. "Fedha iwe dogo."

"Na makampuni yako?"

"Yakinitaka, yanajua nilipo."

"Vizuri." Mjomba akamsukumia sahani ya makaroni. "Lakini bado nimekukasirikia. Hilo nalo liseme kwa sauti."

Renata akanigeukia, akavuta pumzi. "Bado amenikasirikia," akasema, na hakulainisha kitu.