Springi Nilizozikata Malindi

Siku niliyozikata springi za gari langu naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilikuwa na furaha. Ilikuwa Ijumaa. Wenzangu wa gereji pale Malindi walikwenda kuswali, nami nikabaki peke yangu na msumeno wa chuma. Miaka hiyo ya themanini nilikuwa na umri kama wako. Gari lenyewe lilikuwa dogo na kuukuu, nililolifufua kipande kwa kipande. Vijana waliofanya kazi na watalii walikuwa wameanza kushusha magari yao, na mimi nikataka langu liwe chini kuliko yao yote.

Usidhani nilikuwa mzembe. Hilo ndilo linaloniuma. Sikusomea ufundi shuleni; nilijifunza kwa kufungua na kufunga, na kila nilichokifungua nilikiandika kwenye daftari. Nilipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, nikaandika. Nikakata duru moja na nusu kwenye kila springi, nikazirudisha, nikapima tena. Gari lilikuwa limeshuka inchi tatu. Nikaingiza vidole kati ya tairi na madigadi, viwili vikapita. Nikaona vinatosha.

Mwenye gereji alikuwa Fundi Athman, mzee ambaye wazazi wake walitoka Lamu. Aliporudi msikitini alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma.

"Umelipima?"

"Nimelipima, mzee. Yote yamo kwenye daftari."

"Ulipolipima lilikuwa na watu wangapi ndani?"

"Halikuwa na mtu."

"Basi umepima sanamu," akasema. "Tia magunia manne ya mchanga, ukate usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Hapo ndipo uniletee daftari lako."

Nikamwambia nitafanya kesho. Sikufanya. Jumapili nililipeleka gari Kilifi, nikavuka kwa feri kwenda na kurudi, maana daraja halikuwapo wakati huo. Nilikuwa peke yangu, na maji yalikuwa yamejaa. Halikugusa popote. Nikaandika: feri, sawa.

Kisha nikaenda kumwonyesha baba. Alikuwa mkulima Matsangoni, na minazi yake aliikwea mwenyewe. Alilitazama gari akacheka.

"Kahindi, mwanangu, mbona limekaa kama kuku anayeatamia? Tusilisumbue, huenda likatuangulia baiskeli."

Mama na ndugu yangu Karisa wakacheka, na mimi nikacheka nao. Moyoni nilichukia.

Wiki ya tatu baba alianguka kutoka kwenye mnazi. Ilikuwa asubuhi, nami nilikuwapo nyumbani. Aliangukia mgongo. Fahamu zake alikuwa nazo, na mama alipomwomba achezeshe vidole vya miguu, alivichezesha. Naliandika hili kwa makusudi, mwanangu, kwa sababu nilivitazama vidole vile kwa macho yangu.

Jirani yetu alikuwa na pikapu ya kubebea nazi, iliyokaa juu. Alikuja nayo mbio. "Mlazeni huku nyuma kwenye godoro," akasema, "tumshike pande zote, twende polepole."

Nikamjibu, "Baba yangu hapakiwi kama nazi na gari la mwanawe liko mlangoni."

Mama alinitazama tu. Ni mimi niliyekuwa fundi. Nikafungua bolti nne, nikakitoa kiti cha mbele, tukamlaza baba juu ya godoro kuanzia kiti cha nyuma hadi mbele. Mama na Karisa wakajibana kando ya kichwa chake, tukaondoka.

Hatukufika mbali kabla sijasikia tairi za nyuma zikisugua madigadi, na harufu ya mpira ikaingia ndani. Hilo lingevumilika. Lakini springi nilizozikata hazikubakiwa na nafasi ya kushuka. Kwenye kila shimo chuma kiligonga chuma, na baba akaguna. Nikapunguza mwendo hadi watu wa baiskeli wakatupita, na bado aliguna. Mama akaniuliza, bila hasira, "Kahindi, haliwezi kwenda laini kidogo?"

Kilifi daktari alimtazama humo humo garini. "Mgongo huu ni wa Mombasa," akasema. "Abaki alivyolala. Asinyanyuliwe wala asikunjwe mpaka afike."

Tukateremka kivukoni. Maji yalikuwa yamekupwa. Kile kiteremko ambacho Jumapili ile kilikuwa kifupi, sasa kilikuwa kirefu na kikali, na mlango wa chuma wa feri ulikuwa umelala chini kabisa. Bampa ya mbele ilijichomeka pale viwili hivyo vinapokutana, gari likakwama. Nyuma yangu malori yakapiga honi.

"Wewe, gari lako limepiga magoti," akasema mfanyakazi mmoja wa feri. "Shusha watu lipungue uzito."

Mama na Karisa wakashuka. Halikuinuka vya kutosha.

"Na huyo?"

"Ni mgonjwa. Hanyanyuliwi."

"Basi rudisha gari nyuma, bwana. Wenzako nao wana safari."

Nyuma hapakuwa na nafasi, na feri ile isingetungoja. Nikasema anyanyuliwe. Nilisema mimi, si mtu mwingine. Wanaume wanne walimtoa kwa shuka. Shuka likapinda katikati, na yeye akapinda nalo. Alitoa sauti moja tu. Gari likapanda kwenye feri likiwa tupu, kama nilivyolipima.

Tulipokuwa katikati ya maji mama akamwambia, "Baba Kahindi, hebu chezesha vidole."

"Nimevichezesha," baba akasema.

Tulivitazama sote watatu. Vilikuwa vimetulia.

Daktari wa Mombasa hakuniambia kwamba ni gari lililofanya hivyo. Hakuniambia pia kwamba si gari. Alisema uti wa mgongo umeumia, basi. Tangu hapo nimesoma kila kitabu cha uti wa mgongo nilichoweza kukipata, na hakuna kinachonijibu. Wazee wengine hupata kusamehewa au kulaumiwa. Mimi sikupata hata kimoja.

Niliporudi kazini nilimpa Fundi Athman daftari. Hakulifungua. Alinionyesha magunia ya mchanga. Niliyapakia manne, nikakata usukani, na tairi ya mbele ikakwama kwenye madigadi palepale. Ilikuwa kazi ya nusu saa.

Nilifunga springi mpya, ndefu kama za kwanza. Mwaka uliofuata tulimpakia baba tukampeleka hadi barabara ya Watamu na kurudi. Njia nzima alishikilia magoti yake kwa mikono ili miguu isiteleze kitini.

"Sasa linakwenda vizuri," akaniambia.

Aliishi miaka tisa baada ya hapo, akitazama watu wengine wakikwea minazi yake.

Mwanangu, ukitaka kushusha gari, shusha, sikukatazi. Anza na inchi moja. Usikate springi wala usizichome kwa moto zilegee. Tafuta springi fupi za gari hilo hilo na shokabu zinazolingana nazo. Kisha lijaze watu, weka gurudumu moja juu ya tofali, kata usukani pande zote, na utie mkono wako uone panapogusa. Lipeleke kwenye njia mbaya kuliko zote unazopita, saa iliyo mbaya kuliko zote. Likisugua, liinue siku hiyo hiyo. Mzee akikuuliza swali dogo kuhusu kazi yako, usiliahirishe hadi kesho. Na ukipewa mgonjwa umpeleke, tafuta gari linalomfaa yeye. Likiwa ni la jirani, shukuru ulipande.

Mungu akuwekee wazazi wako wakiwa wamesimama kwa miguu yao, na mikono yako asiikabidhi kazi utakayoijutia. Amina.