Njia ya Gari Kwenda kwa Yeyo

Nilitoka Kitale nikiendesha Landrova kuukuu niliyoinunua kwenye mnada wa magari yaliyostaafu jeshini. Abiria wa basi hufika Kitengela siku hiyo hiyo. Mimi nililala njiani, ndani ya gari, kwa sababu mpira wa maji ya injini uliokuwa umezeeka ulipasuka nikipanda Timboroa, na nilipofika Nakuru kwa kulibembeleza gari, mafundi walikuwa wameshafunga. Mai Mahiu niliacha barabara kuu nikapitia Suswa hadi Ngong. Hakuna aliyenituma huko. Nilitaka tu kuona gari linavyokanyaga mawe. Ndivyo nilivyoishi miaka hiyo, nikizunguka mradi kuna injini inanguruma mbele yangu. Kutoka Kiserian nikateremka kuelekea Isinya, na nyanda zilipofunguka mbele ya kioo, hakuna ua wala ukuta hadi macho yanapochoka, nilisema hapa nitakaa.

Zahanati moja ndogo ya Kitengela ilikuwa imeniahidi kazi iwapo ningekuja na gari langu. Tuling'oa viti vya nyuma, tukafunga kitanda na mtungi wa oksijeni, tukaandika AMBULANSI ubavuni kwa rangi nyekundu. Watu walicheka. Walitaka gari jeupe linalong'aa, lenye king'ora. Maoni yangu hayajabadilika hadi leo: king'ora hakisaidii kitu kwenye barabara ya Namanga siku malori yameshikana, na gari la chini halifiki popote mvua ikilowesha ule udongo mweusi. Gari la dharura mimi hulipima kwa nyumba ya mwisho linayoweza kufika.

Kwangu nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja wa Kimaasai, mjane, aliyeishi na ng'ombe wake mbali na lami. Nilimwita yeyo, yaani mama, kama walivyomwita wote; naye aliniita ero, yaani kijana. Alikuwa na pumu. Ikimshika vibaya, jirani yake alinipigia simu, nami nilikata nyika moja kwa moja, nesi wa zahanati akimwekea oksijeni huku nikimkimbiza hospitali ya Kajiado. Binti yake, aliyeolewa mjini Kajiado, alimsihi ahamie karibu na daktari. Yeyo hakutaka kusikia. Ng'ombe wangekaa wapi, kwenye nyumba ya kupanga?

"Takwenya, yeyo," nilimsalimu nikipita kumjulia hali.

"Iko," aliitikia, kisha akapiga boneti kwa kofi. "Ero, hii gari yako inakohoa kuliko mimi. Nani atapeleka mwenzake hospitali?"

Sikukuu za taifa zikikaribia, ndege za kivita zilifanya mazoezi juu ya nyanda zile. Nilikuwa nikiacha kila kitu nizitazame. Nilizijua kwa sauti kabla hazijaonekana, na ngozi ya shingo ilinisisimka kama ya mtoto. Siku moja ndege mbili zilipita chini sana, ng'ombe wa yeyo wakatawanyika.

"Hiyo inabeba wagonjwa?" aliuliza.

"Hapana, yeyo. Inabeba mabomu."

"Na wewe unaipenda?"

"Sana."

"Basi iambie ipite mbali na ng'ombe zangu."

Nilicheka, lakini swali lilinikaa. Bado naona hakuna kitu kizuri zaidi ambacho binadamu ameunda kwa chuma.

Kisha ploti zikaanza kuuzwa. Mabroka walikuja na vibao, vibao vikafuatwa na nguzo, nguzo na seng'enge. Kila nilipokata nyika nililazimika kutafuta mwanya mpya. Mwishowe ikabaki njia moja tu ya mkato ya gari, kati ya korongo na timbo la mawe, na shamba la hapo likanunuliwa na mfanyabiashara aliyetoka Murang'a.

"Boss, hapa ndipo ambulansi inapita," nilimwambia.

"Hapa ni shamba yangu. Niko na title."

"Sijakataa. Niachie mlango tu."

"Nikiacha mlango, ng'ombe za huyo mama yako zitamaliza mahindi yangu. Halafu mimi nipigie nani, ambulansi?"

Yeyo ndiye aliyetupatanisha. Aliagiza mwanya uzibwe kwa tawi kubwa la mgunga, miiba ikielekea ndani, shina nje, kama lango la boma la ng'ombe. Anayepita avute shina, apite, kisha alirudishe tawi mahali pake. Tulikubaliana tukiwa tumesimama pale pale, tukashikana mikono. Hakuna aliyewaza kwenda kwa chifu wala ofisi ya ardhi. Miiba ilitosha.

Na kwa muda mrefu ilitosha kweli. Siku moja, yeyo akiwa kitandani nyuma akihema, nesi alinigombeza: "Unashuka kufunga geti na mgonjwa anaisha?" Nikasita. Yeyo, barakoa ya oksijeni ikiwa usoni, alinyoosha kidole kuelekea kwenye tawi na hakukishusha mpaka nikashuka.

Yule bwana wa Murang'a hakutuvunjia neno. Aliuza tu, kama kila mtu alivyokuwa akiuza. "Nilimwambia mnunuzi kuhusu hiyo njia," alinieleza baadaye. "Alisema ataangalia."

Mnunuzi aliishi Nairobi, sijawahi kumwona. Simu ya jirani ilipolia mchana ule, niliendesha hadi pale nikakuta ukuta wa mawe, simenti bado mbichi, umeanzia korongoni mpaka timboni. Paa la yeyo nililiona vizuri upande wa pili. Nikageuza, nikazunguka njia ndefu hadi Isinya, nikaingia kwa nyuma. Nilimkuta midomo imekuwa ya kijivu. Hospitali walimwokoa, lakini alikaa wodini muda mrefu, na alipotoka alimwambia binti yake atafute mnunuzi wa ng'ombe.

Nilimwambia nitazungumza na mwenye ukuta, nitamtafuta Nairobi.

"Utamwambia nini?" aliuliza. "Abomoe ukuta wake kwa ajili ya kifua yangu?"

Natamani tungepeleka habari ya njia ile kwa chifu mapema, wakati mwenye shamba alikuwa mtu wa kusalimiana naye.

Siku ya kuhama nilimkalisha kiti cha mbele, kwa kuwa hakuwa mgonjwa. Nguo zangu zilikuwa nyuma pamoja na masanduku yake; zahanati ilikuwa imeshapata gari jeupe, na hapakuwa tena na nyumba ambayo mimi tu ningeweza kuifikia. Kule Kajiado binti yake alituwekea chai ya maziwa ya pakiti. Yeyo alionja, akaweka kikombe chini.

"Utaenda wapi sasa, ero?"

"Namanga kwanza."

"Huko uko na nani?"

"Sina mtu."

Alinisogezea kikombe chake. Nilimaliza chai yake na yangu, nikamwinamishia kichwa akiguse, kama vijana wa Kimaasai wanavyoagana na wazee, nikashika barabara ya Namanga. Sijarudi.