Aproni ya Mwenye Duka

Kila nikifungua belo la mitumba, harufu ya nafthalini, zile dawa za nondo, hunirudisha kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtaani kwetu Tunduma. Mwenye duka alikuwa mkuu wa Frimasoni na hakuficha. Madawati ya shule yetu alitoa yeye. Tuliyakalia, na bado tulimwogopa, maana mtaani walisema Frimasoni hula watu.

Siku moja nilitumwa misumari, nikamkuta akianika aproni nyeupe na glavu za vikao vyao, zikinuka nafthalini. Nikakimbia nyumbani. "Mama, nimeona nguo zake za kuchinjia watu!" Nilinogesha tu, nipate kusikilizwa.

Wiki ileile mdogo wangu akashikwa na degedege. Yule mzee mwenye duka akasimamisha gari mlangoni kwetu.

"Mama, mlete mtoto tumuwahishe hospitali."

Mama akamkumbatia mtoto. "Wangu humli."

"Lakini anakufa huyu!"

"Bora afie mikononi mwangu."

Alifia humo humo, gari likiwa bado linaunguruma nje.

Msibani mzee alileta sukari. Mama akaimwaga mtaroni. Majirani wakasema ameshamla, sasa anajikosha. Wakaniita niwasimulie tena nilichokiona dukani.

Safari hii nikaipaka aproni damu.