Fundi wa kwato anayeogopa teke

Saa mbili asubuhi, Jumapili, na Bosibori Nyangau bado hajamgusa farasi. Amesimama kando ya bega lake la kushoto, ndani ya banda la mabati nyuma ya maduka ya Masimba, mikono ameibana kwapani. Anaingoja iache kutetemeka.

“Nikimshika mikono ikiwa hivi, atajua,” ananong’ona. “Akijua naogopa, naye ataanza kuogopa. Tukiogopa wawili humu ndani, mmoja ataumia. Na si yeye.”

Farasi anaitwa Simsim, kwa sababu ya rangi yake. Anapumua kwa nguvu, sikio moja amelielekeza kwa mama huyu mfupi aliyevaa gambuti na aproni ya turubai. Hatimaye Bosibori anaitoa mikono, anaiteremsha polepole kutoka begani hadi chini ya goti, kisha anauinua mguu na kuuweka juu ya paja lake. Tupa inaanza kukwaruza. Unga mweupe wa ukwato unamwagikia viatu vyake.

Bosibori, mwenye umri wa miaka 43, mama wa watoto watatu kutoka kijiji kimoja karibu na Keroka, ni fundi wa kwato. Hukata na kusawazisha kwato za punda, na za farasi wachache, katika kaunti za Kisii na Nyamira. Wanyama wake hutembea pekupeku. Hapendi viatu vya chuma.

“Ukwato ni kama ukucha wako,” anaeleza. “Usipokatwa unapinda, mnyama anatembelea kisigino. Ukikatwa vizuri, chuma cha nini? Mawe yenyewe yanaukomaza.”

Kazi hii aliijua mwaka 2016, shirika moja la kutetea wanyama lilipoandaa mafunzo ya siku tano. Walikuwa wanaume kumi na tisa na yeye. Wengine walirudi nyumbani na posho ya nauli. Yeye alirudi na kisu cha kwato na tupa moja, akaanza na punda wa jirani.

Kwa miaka mitatu kazi ilimwendea vyema. Halafu, siku moja ya soko kule Daraja Mbili, punda aliyekuwa amebeba ndizi alishtuliwa na honi ya lori.

“Sikuliona lile teke. Nilisikia tu kama mtu amevunja kuni,” anasema. “Kumbe kuni ni mbavu zangu.”

Mbavu tatu zilivunjika. Alilala chali wiki kumi na moja, akilishwa uji na bintiye Sharon. Mumewe, Jethro, alizifunga zile zana ndani ya gunia na kulitupa darini.

“Nilimwambia hivi: mama Sharon, punda wa watu wasinifanye mimi mjane,” anakumbuka Jethro, mkulima wa majani chai. “Nilimwambia kazi hiyo imekwisha.”

Haikwisha. Mbavu zilipounga, watu waliendelea kubisha hodi na punda wanaochechemea, na Bosibori akalishusha gunia. Ila alirudi akiwa mtu mwingine. Kila alipoinama nyuma ya mnyama, jasho lilimtoka hata kukiwa na baridi.

Mwezi Machi mwaka jana, alipigiwa simu na Shueib, mfanyabiashara wa nguo wa Masimba, ambaye humtoa Simsim siku za sikukuu ili watoto wapande. Shueib alikuwa amempeleka farasi kwa fundi wa kuchomelea mageti, asiyejua kwato, akampigilia viatu vinne vya chuma. Baada ya wiki mbili Simsim hakuweza kukanyaga.

“Watu walinishauri nimwue apumzike,” anasema Shueib. “Daktari wa mifugo mwenyewe aliniambia, mzee, farasi asiye na mguu si farasi. Nikamwomba siku chache.”

Bosibori alifika, akasimama mlangoni mwa banda. Hakuwahi kumgusa farasi aliyejaa maumivu kiasi kile. Macho yalikuwa meupe pembeni. Farasi alipiga ukuta teke moja, mabati yakalia kama radi.

“Nikakimbia,” anasema, bila kujitetea. “Nilimwambia Shueib, baba Ruqiya, nimesahau zana, nikapanda boda. Nyumbani nikamdanganya mume wangu kuwa mwenye farasi hakuwepo.”

Siku mbili hakula vizuri. Siku ya tatu alipigiwa simu na Dahabo, mkewe Shueib, ambaye hawakuwa wamewahi kuzungumza naye.

“Mama Sharon, amelala chini, hataki kuinuka,” alisema Dahabo. “Mume wangu ameenda kumtafuta mtu wa kumwua. Kama unaweza kuja, njoo sasa. Kama huwezi, niambie nisikungoje.”

Alikwenda. Anasema miguu ilimpeleka, moyo ulibaki Keroka.

Shueib aliporejea aliwakuta wanawake hao wawili wamemsimamisha farasi kwa maji ya chumvi ya kumkanda miguu na maneno ya kubembeleza. Akaishika kamba. Bosibori akang’oa kiatu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne, cha mguu wa nyuma wa kulia, kilikuwa na msumari ulioingia kwenye nyama. Koleo lilipougusa, Simsim aliruka upande na kumbana Bosibori ukutani.

“Nilitaka kupiga kelele, pumzi hakuna,” anasema. “Nilikuwa nasikia baba Ruqiya anaita jina la Mungu. Nikafikiria, Jethro atakuja kuniokota hapa, na nilimdanganya.”

Dahabo, ambaye hadi siku hiyo hakuwa amethubutu kumkaribia farasi huyo, alivua lesu aliyojitanda, akamrushia Simsim usoni na kumfunika macho. Farasi akaganda. Kisha akasogea hatua moja, na Bosibori akaanguka magotini, akivuta hewa.

Msumari ulikuwa bado ndani.

“Nilimwambia, dada, toka, basi imetosha,” anasimulia Dahabo. “Akatoka nje, akatapika kando ya mgomba. Nikajua amekwenda. Nikageuka nikamwona anarudi, anaifunga aproni.”

Alimwomba Dahabo aendelee kuishika lesu. Alikuwa akilia alipoinama. Alivuta mara mbili. Msumari ulitoka pamoja na usaha mweusi, na uvundo ukawafukuza wote nje.

Jioni hiyo alimweleza mumewe kila kitu, uongo wake kwanza. Asubuhi Jethro akasema, “Utarudi kumwangalia, sivyo?”

Alirudi, tena na tena. Maji ya moto na chumvi kila siku kwa mwezi mmoja, kazi aliyoifanya Dahabo. Kila wiki ya sita, kisu na tupa. Shueib alimwaga kokoto uani ili kwato zijisugue zenyewe. Ukwato huota kutoka juu kwenda chini, na ule mbovu ulihitaji karibu mwaka mzima kuisha. Mwezi Februari mwaka huu, Simsim alitembea hadi kituo cha matatu cha Masimba na kurudi, pekupeku, bila kuchechemea.

Bosibori huchagua Jumapili kuja hapa. Jumamosi ni Sabato yake, na siku nyingine Shueib yuko dukani. Kwa punda hulipwa shilingi 200, kwa farasi 1,000. Mwezi mzuri humpa kama shilingi 12,000, ambazo huongezea za majani chai.

Je, woga umepungua? Anaushusha mguu wa mwisho wa Simsim na kujifuta uso.

“Hata kidogo. Lakini wale wasioogopa nimewaona wakikata haraka, wakamtoa mnyama damu. Mimi naangalia kila kitu.”

Mpango wake sasa ni kujenga kizimba cha nguzo pale Daraja Mbili, ambamo punda ataingia na kufungwa, ili fundi afanye kazi bila kusimama palipo na teke. Amekwisha kuzungumza na wenye punda wa soko hilo, na seremala mmoja, Makori, amekubali kuunganisha mbao.

Nguzo zinatoka kwenye mikaratusi yao wenyewe. Jethro ndiye anayeikata. Wiki iliyopita alimsimamisha mkewe kando ya nguzo ya kwanza, akamwuliza teke lile lilimfikia wapi. Bosibori akaweka kiganja ubavuni. Jethro akatia alama kwa panga usawa wa kiganja, ubao wa kuzuia teke ufike hapo. Kisha akapima shubiri moja juu ya alama hiyo, akakata nyingine, ubao upite hapo.